Kete za poka za "daraja la juu" ziuzwe kwa vipimo, si kwa sifa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie kete za poka, vile visahani vya kuhesabia madau katika mchezo huo wa karata ambavyo wachezaji wengi huviita chipu, na hasa zile zinazouzwa hapa Dar es Salaam kwa jina la "daraja la juu" bila muuzaji kueleza daraja hilo linapimwa kwa kitu gani. Najua gazeti lako lina mambo mazito zaidi ya kuchapisha. Hata hivyo, mtu anayetoa fedha nyingi kwa kitu kilichonadiwa kwa sifa maalumu ana haki ya kuipata sifa hiyo, awe amenunua tofali, kitenge au kete ya mchezo, na mimi na wenzangu saba tumetoa jumla ya shilingi 2,800,000 kwa kete 500 ambazo zaidi ya moja katika kila tano haifai kuwekwa mezani.

Sisi ni watu wanane tunaokutana kila Jumapili alasiri hapa Upanga, kwenye baraza ya nyumba ya mmoja wetu, kucheza karata. Wengi wetu tumestaafu: yuko aliyekuwa karani bandarini, yuko mwalimu wa hisabati, yuko fundi mitambo, na mimi nilikuwa mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha nguo. Hatuchezi kwa fedha. Kete zenyewe ndizo hesabu, na anayeimaliza jioni akiwa na nyingi kuliko wenzake ndiye mshindi hadi Jumapili inayofuata. Kwa miaka sita tulitumia kete za plastiki tulizozinunua Kariakoo zikiwa ndani ya sanduku la alumini, na zilitutumikia vizuri kwa kadiri ya bei yake, ingawa lebo zake zilikuwa zikibanduka kila masika ilipoingia na unyevu wake. Mwaka jana tulikubaliana kuchanga shilingi 350,000 kila mmoja ili tuagize kete ambazo hata wajukuu wetu watazikuta zikiwa nzima.

Muuzaji tuliyempata, ambaye yuko hapa hapa jijini na huagiza kutoka kiwanda cha nje, alituonyesha picha kwenye simu na kutuandikia maelezo ambayo bado ninayo: kete za udongo, za aina ya kasino, daraja la juu, gramu 10 kila moja. Tulilipa fedha zote kabla. Mzigo ulifika baada ya miezi minne, kete nyeupe 150, nyekundu 150, kijani 100, nyeusi 75 na zambarau 25, na nasema kwa haki kwamba tulipofungua sanduku tulifurahi. Rangi zilikuwa zimeiva, uso wa kete ulikuwa na ule ukavu mzuri unaoshika kidole, na zilipogongana zilitoa mlio mzito, wa chini, usiofanana kabisa na kelele za plastiki.

Furaha hiyo haikumaliza jioni. Katika mgao wa nne au wa tano wa karata mzee mmoja aliweka dau la mnara mmoja wa kete nyekundu 20, na mwenzake aliyetaka kulifuata akapanga mnara wake kando ya ule wa kwanza, akalinganisha kwa urefu kama tulivyozoea badala ya kuhesabu moja moja. Minara ililingana lakini hesabu haikulingana, kwani mmoja ulikuwa na kete 20 na mwingine 19. Kwa dakika kadhaa watu waliofahamiana kwa miaka 30, waliozikana na kuozana, walitazamana kana kwamba miongoni mwao kuna mdokozi, na mmoja wao aliondoka kabla ya chai. Naandika jambo hili kwa sababu muuzaji, tulipomweleza, alidhani tunalalamikia urembo.

Kazi ya kwanza ya kete ya poka ni kuhesabika upesi bila ubishi. Mgawa karata kwenye kasino haokoti kete moja moja na kuzitaja. Hupanga mnara mmoja, kisha huikata minara mingine kwa kuiegemeza kando ya ule wa kwanza na kupitisha kidole juu yake, na trei ya kawaida ya kete 100 ina mifereji mitano ya kete 20. Utaratibu wote huo unategemea kila kete iwe na unene wa mwenzake. Kete nyingi za kasino zina kipenyo cha milimita 39 na unene wa karibu milimita 3.3, kwa hiyo mnara wa kete 20 una urefu wa milimita 66 hivi. Kila kete ikizidi kwa sehemu moja tu ya kumi ya milimita, ambayo ni kama unene wa unywele, mnara utazidi kwa milimita mbili; ikizidi kwa milimita 0.17, mnara umekwisha kurefuka kwa kiasi cha kete nzima, na hilo ndilo lililotupata sisi barazani.

Siku ya pili nilikwenda kwa fundi wa vioo, akanikatia kipande cha kioo kinene chenye uso sawa, na tukaanza kazi. Kipimo cha kioo ni rahisi na mtu yeyote anaweza kukifanya nyumbani: weka kete juu ya kioo, iguse ukingoni kwa kidole na uisukume. Kete iliyo bapa husogea kidogo ikasimama, kwa sababu uso wake wote unagusa kioo, lakini kete iliyobenuka katikati huzunguka kama pia. Igeuze na upande wa pili, kwani iliyobenuka upande mmoja mara nyingi imebonyea upande wa pili, na huko itaonekana imetulia. Mwenzetu fundi mitambo alileta kalipa yake ya kupimia unene, na sonara mmoja jirani yetu, ambaye mizani yake husoma hadi sehemu ya mia ya gramu, alitupimia uzito wa kete 50 tulizozichagua bila kutazama.

Katika kete 500 tulikuta 61 zinazozunguka juu ya kioo. Nyingine 23 zilikuwa na lebo iliyohama katikati kwa zaidi ya milimita moja, kiasi kwamba upande mmoja maandishi yanakaribia kumezwa na ukingo. Katika 14 rangi ya vipande vya ukingoni ilikuwa imetambaa na kuingia kwenye rangi ya mwili wa kete, na tisa zilikuwa zimemeguka pembeni kabla hazijachezewa. Hizo ni 107, kila moja ikihesabiwa mara moja tu kwa kasoro yake kubwa zaidi. Sijaziingiza kete za kijani, ambazo zote 100 zingeweza kulalamikiwa kwa sababu 62 ni za kijani cha jani la mgomba na 38 ni za kijani kilichofifia, ishara ya wazi kwamba zilitoka katika michanganyiko miwili tofauti. Uzito nao ulicheza kati ya gramu 9.1 na gramu 10.4. Huo wa mwisho sikuutilia maanani sana, kwa sababu nitakazozieleza.

Msomaji asiyezijua kete hizi anaweza kuuliza kasoro zinatoka wapi. Kete inayoitwa ya udongo haikufinyangwa kama mtungi, na udongo ndani yake ni sehemu tu ya mchanganyiko. Mchanganyiko huo hutiwa rangi, hutandazwa na kukatwa visahani. Ukingoni hukatwa mapengo ambayo hujazwa, mara nyingi kwa mkono, vipande vya rangi nyingine. Lebo huwekwa pande zote mbili. Kisha kisahani huingizwa kwenye kalibu na kukandamizwa kwa joto kali na shinikizo kubwa mpaka vyote vishikane kuwa kitu kimoja. Mwisho ukingo hunyolewa kwa mashine ya kukereza. Kila hatua ina mlango wake wa kasoro. Nyenzo ikizidi ndani ya kalibu, kete huwa nene au vipande vya rangi hutambaa. Lebo ikiteleza kabla ya kukandamizwa, hugandia pale ilipoteleza na haiwezi kurekebishwa tena. Kete ikitoka kwenye joto na kupoa upande mmoja kabla ya mwingine, hubenuka. Hakuna siri katika hayo, na hakuna ambalo mkaguzi mmoja mwenye kioo, kalipa na nuru nzuri asingeliona kabla mzigo haujafungwa.

Muuzaji alinijibu kwa adabu, nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Aliniambia, "Mzee wangu, hizi zimetengenezwa kwa mkono, na kitu cha mkono hakiwezi kufanana. Mkitaka zinazofanana, ni afadhali mrudi kwenye plastiki." Nimelifikiria jibu hilo kwa wiki kadhaa, kwa kuwa lina ukweli ndani yake, na ukweli huo ndio unaolifanya liwe hatari.

Ni kweli kwamba kipande cha rangi kilichopachikwa kwa mkono hakitakuwa na upana uleule kwenye kete zote, na mimi sikuhesabu hata moja kwa sababu hiyo. Ni kweli pia kwamba kete mpya ya aina hii huwa na vumbi jembamba, ukingo mkali na pengine kialama kidogo cha kalibu. Hayo hupungua kwa kushikwashikwa, na wengine huipenda kete kwa sababu hiyo hiyo. Fundi anayechonga mlango wa Kiswahili hachongi maua mawili yaliyo sawasawa, na hakuna mwenye nyumba Bagamoyo au Unguja aliyewahi kumrudishia fundi mlango kwa sababu ua la kushoto lina jani la ziada. Lakini mlango lazima ufunge. Usipofunga, hatutamsikiliza fundi anayetuonyesha maua. Ubapa wa kete, unene wake, rangi inayolingana na ya wenzake wa thamani moja, na lebo inayosomeka ndiyo mambo yanayoufanya mlango huu ufunge, na hakuna hata moja kati ya hayo linaloachiwa mkono wa fundi, kwa sababu yote huamuliwa na kalibu, mizani, mchanganyiko wa rangi na ukaguzi.

Katika kiwanda nilichofanyia kazi, khanga ilikuwa na mji, pindo na jina, na ilitokea mara nyingi kwamba kitambaa kikavutika kidogo kwenye mashine ya kuchapia, jina likatoka limepinda au rangi ya pindo ikaingia kwenye mji. Hatukuitupa khanga hiyo, maana ilikuwa nzima na ingemsitiri mtu vilevile. Tuliiweka daraja la pili, ikauzwa kwa bei ya daraja la pili, na mnunuzi akaambiwa. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia mfanyakazi mwenzangu akisema kwamba khanga iliyopinda jina ni ya daraja la kwanza kwa sababu mitambo nayo huendeshwa na binadamu. Daraja lilikuwa ahadi kwa mnunuzi, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba ahadi hiyo haivunjwi kwenye meza yangu. Ndiyo maana jambo hili limenikaa moyoni kuliko linavyostahili, kama wanavyosema nyumbani, ingawa mimi sioni kwamba limezidi.

Sasa nirudi kwenye uzito, maana hapo ndipo wanunuzi wengi wa jiji hili wanapopotoshwa. Katika maduka mengi kete huuzwa kwa gramu, na mteja huambiwa kwamba ya gramu 11.5 ni nzuri na ya gramu 14 ni nzuri zaidi. Ukweli ni kwamba kete za udongo zinazotumika kasino kwa kawaida zina kati ya gramu 8 na gramu 10 hivi, yaani ni nyepesi kuliko zile za sanduku la alumini. Uzito wa kete nyingi za plastiki unatoka kwenye kisahani cha chuma kilichofichwa ndani, ambacho hakina kazi nyingine ila kuupendeza mkono wa mnunuzi dukani. Kuna pia zinazoitwa za seramiki, ambazo licha ya jina hilo hazijachomwa tanuruni kama kikombe. Ni plastiki ngumu ambayo picha yake huingizwa usoni kwa wino na joto, na ubora wake hupimwa kwa namna nyingine, kama vile picha ya usoni kukutana vizuri na ile ya ukingoni bila kuacha mstari mweupe. Mnunuzi ajue ananunua ipi kati ya hizo, na asikubali gramu ziwe jibu la kila swali. Tofauti ya gramu moja kati ya kete mbili hailihadai jicho la mchezaji, ilhali tofauti ya unene humhadai kila siku.

Rangi nayo si pambo tu. Huko Marekani, ambako desturi nyingi za mchezo huu zimetoka, mazoea ni kwamba nyeupe ni 1, nyekundu 5, kijani 25, nyeusi 100 na zambarau 500, na vipande vya rangi vya ukingoni vimewekwa ili thamani isomeke ubavuni mwa mnara, na mchezaji aliye upande wa pili wa meza au kamera iliyo darini. Kete ya kijani iliyofifia inapokaa katikati ya kijani kilichoiva, jicho huiona kama kitu kigeni na kuanza kuuliza. Mnamo Januari 2014, katika kasino ya Borgata huko Atlantic City, mashindano ya poka yalisimamishwa baada ya kugunduliwa kwamba mchezaji mmoja alikuwa ameingiza kete bandia, na kete nyingine za aina hiyo zilikutwa zimeziba mabomba ya hoteli alikokuwa akilala, baada ya kuzitupa chooni. Kete bandia hujulikana kwa kuwa kete halali zote zinafanana. Kiwanda kinachotoa kijani mbili katika sanduku moja kimempokonya mnunuzi njia yake ya kwanza ya kujilinda, nasi wa Upanga, ambao hatuna kamera wala mlinzi, hatuna njia nyingine ila kuaminiana.

Wapo watakaosema kwamba haya ni madai ya watu wanaotaka makuu. Nawaomba watazame keram, mchezo unaochezwa chini ya miembe na kwenye vibaraza vya Ilala na Temeke na watu ambao hawajawahi kusikia neno "daraja la juu". Kanuni za shirikisho la kimataifa la keram zinasema kete iwe na kipenyo kisichopungua sentimita 3.02 wala kuzidi sentimita 3.18, unene kati ya milimita 7 na 9, na uzito kati ya gramu 5 na gramu 5.5, na ile kubwa ya kupigia isizidi gramu 15. Hivyo mtu anayetengeneza kete za mbao za keram kwa mashindano anajua mpaka wake uko wapi kwa pande zote mbili, chini na juu, na anayezinunua anajua vilevile. Sisi tuliolipa shilingi 5,600 kwa kila kete moja hatukupewa mpaka wowote. Tulipewa neno.

Nasi tuna makosa yetu. Tulichagua kwa picha, na baadaye nilitambua kwamba ile haikuwa picha ya kete yoyote iliyopo, bali mchoro wa kompyuta ambamo kila lebo imekaa katikati na kila rangi imetulia. Kiwanda chochote duniani kingeshindwa kuufikia mchoro ule. Hatukuomba sampuli, ingawa muuzaji angeweza kutuletea kete kumi kwa gharama ndogo tukazishika na kuzipima. Hatukuuliza zitarudishwaje zikiwa na kasoro. Aliyekuwa karani wa bandari anakumbuka vizuri kwamba hakuna mzigo aliowahi kuupokea bila karatasi, lakini huu wa kwetu tuliupokea kwa kuaminiana tu. Tena baadhi yetu tulitaka kila kialama kidogo kihesabiwe kasoro, na ilinibidi nibishane nao jioni nzima, kwa sababu anayedai asichoahidiwa humpa muuzaji sababu ya kutosikiliza hata dai la haki.

Ninachokiomba kwa wauzaji wa jiji hili hakihitaji sheria mpya wala ofisi mpya. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, tayari inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na iliyouzwa kwa sampuli ilingane na sampuli. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji. Kinachokosekana ni maelezo yenyewe kuwa ya namna inayoweza kupimwa. Muuzaji anayesema "daraja la juu" aandike, kabla ya kupokea fedha, unene wa kete na kiasi unachoweza kuzidi au kupungua, aseme kete iliyobenuka ni kasoro au si kasoro, aseme lebo inaweza kuhama kwa milimita ngapi, na aahidi kwamba kete zote za rangi moja zitatoka katika mchanganyiko mmoja. Ajitie pia kifungo kuhusu idadi. Katika viwanda tumezoea kiwango cha kimataifa kinachoitwa ISO 2859-1, ambacho kwa mzigo wa vipande 281 hadi 500 katika ukaguzi wa kawaida humtaka mkaguzi achukue vipande 50 bila kuchagua, na iwapo mpaka uliokubaliwa ni asilimia 2.5, mzigo hupokewa ukikutwa na vipande vibovu vitatu na hukataliwa ukikutwa na vinne. Huo ni mpaka wenye huruma, unaokubali kwamba hakuna kiwanda kisichokosea. Kwa mzigo wetu, mtu angechota kete 50 angetarajia kukuta mbovu kumi au kumi na moja.

Ningeongeza kwamba kila sanduku la kete 500 lije na kete chache za akiba katika kila rangi, zilizotoka katika mchanganyiko huo huo, kwa sababu kete moja ikipotea au ikimeguka baada ya mwaka, ile itakayoagizwa upya ina uwezekano mkubwa wa kuja na kijani yake yenyewe. Na kwa kuwa joto kali linaweza kuipinda kete ya aina hii hata baada ya kutoka kiwandani ikiwa bapa, muuzaji aseme alizihifadhi wapi. Sanduku lililokaa wiki mbili ndani ya gari lililofungwa vioo kwenye jua la Dar es Salaam la mwezi Januari halitofautiani sana na jiko, na katika shauri letu sijui kama kete 61 zilibenuka kiwandani au njiani. Ninachojua ni kwamba hazikubenukia mikononi mwetu, maana tulizipima siku ya pili baada ya kuzipokea.

Muuzaji wetu amesema yuko tayari kuzipokea zile 107 iwapo sisi tutalipia gharama za kuzirudisha kiwandani na kusubiri agizo lake linalofuata, na ameongeza kwamba hawezi kuahidi kuwa kijani itakayokuja italingana na tuliyo nayo. Tumemjibu kwa maandishi kwamba gharama za kurudisha kitu kisicholingana na maelezo ni za aliyeyaandika maelezo, na tumemwambatishia orodha yetu ya vipimo, kete kwa kete, pamoja na maneno yake ya awali. Nimemkaribisha aje Upanga Jumapili yoyote baada ya saa kumi, kioo kiko pale barazani, azizungushe mwenyewe. Wakati tukisubiri jibu lake tunacheza na zile 393 zilizosalia, na dau la minara tumelisimamisha. Kila kete sasa inahesabiwa kwa kidole, moja moja.

Wako,
Mkaguzi mstaafu,
Upanga, Dar es Salaam